Usikate Simu

Mshonaji alikutwa ameketi. Mgongo wake ulikuwa umeegemea ukuta, kichwa kimeinamia bega la kushoto kama mtu anayetega sikio asikie maneno yanayosemwa kwa mbali. Chini ya sindano ya cherehani kulikuwa na mkono wa gauni la bluu, umeshonwa nusu. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya meza, na ndani ya kiganja alikuwa ameshika simu.

Inspekta alisimama mlangoni kwanza. Ndiyo ilikuwa desturi yake: hakuingia eneo la tukio mpaka amelitazama kimya kwa muda, kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

"Hakuna dalili za purukushani, Afande," alisema Koplo, huku akitafuna karanga. "Mlango mzima, droo haijaguswa. Daktari anasema ni moyo. Mimi naona tufunge hapa, leo Jumapili, watu wakapumzike."

"Wewe unakwenda kupumzikia wapi?"

"Kwa mke wangu, Afande."

"Basi una mahali. Acha kumwaga maganda kwenye eneo la tukio, uniletee mifuko ya vielelezo."

Koplo aliufunga mdomo. Kituo kizima kilijua kwamba Inspekta alimzika mama yake mwanzoni mwa mwaka, na kwamba tangu hapo zamu za Jumapili zilikuwa zake bila kupangiwa. Nyumba waliyokuwa wakiishi wawili ilikuwa imemwia kubwa.

Aliyeukuta mwili alikuwa fundi viatu wa mlango wa pili. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kiatu kimoja cha mteja mkononi, hajui akiweke wapi.

"Mara ya mwisho ulimwona saa ngapi akiwa hai?"

"Mchana, mama. Nilisikia anahema vibaya nikachungulia. Kashika kifua. Nikamwambia, 'Dada, nikuitie gari?' Akanijibu, 'Nimeshapiga simu ya dharura, wanakuja. Nenda kapeleke viatu vya watu, usinitolee macho kama nakufa.' Ndivyo alivyokuwa. Ukibishana naye anakurushia mkasi."

"Ukaondoka."

"Nikaondoka." Alikigeuzageuza kile kiatu. "Lakini nilisikia kwa masikio yangu haya. Simu aliiweka sauti ya juu. Mwanamke anasema, 'Umefika kwenye huduma ya dharura. Usikate simu. Nipo hapa nawe.' Sauti ya mtu anayekujali kabisa. Nikasema, aa, huyu yuko mikononi mwa watu."

"Uliporudi?"

"Nilimkuta hivyo hivyo. Nilimsemesha nikidhani kanuna."

Inspekta alivaa glavu, akaitoa simu taratibu katika vidole vya marehemu. Kioo kikawaka.

Simu ilikuwa bado hewani.

Aliisogeza sikioni. Hakukuwa na mlio wala mkoromo wala pumzi ya mtu. "Halo?" alisema. "Huyu ni Inspekta wa upelelezi. Kuna mtu hapo?"

Hakuna aliyejibu. Koplo aliacha kutafuna.

"Tukate, Afande?"

"Usiiguse," Inspekta alisema, akaitia kwenye mfuko wa nailoni ikiwa inaendelea kuhesabu dakika. "Marehemu alikuwa anazungumza na mtu. Twende tukamtafute."

*

Kituo cha simu za dharura kilikuwa jengo la ghorofa moja lenye milango mizito. Mbele kulikuwa na ukumbi wa wapokea simu, meza zimepangwa kama darasa. Nyuma, katika chumba cha vioo chenye baridi ya kukausha midomo, zilisimama seva ndani ya makabati meusi, zinavuma.

Siku hiyo ukumbi ulikuwa kimya. Wapokea simu walikuwa wamevua vipokea sauti vyao, wamekaa mikono mapajani.

Mkurugenzi alimpokea Inspekta mlangoni huku anajifuta shingo. "Ni hitilafu ya kitaalamu tu. Tulikuwa tunaboresha ghala letu la data. Seva moja ikateleza."

"Iliteleza ikaangukia mtu," Inspekta alisema. "Nani fundi wa zamu?"

Walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa umri wa kati, macho mekundu, shati limekunjwa mikono. Wote walimwita Mama Pacha. Wa pili alikuwa mzee mwembamba aliyevaa sweta la kijivu, aliyebakiza muda mfupi kustaafu. Huyo walimwita Mzee tu, bila jina. Wakati huo alikuwa ameinama mbele ya kabati, anaangaza tochi kwenye nyaya.

"Nieleze kama unavyomweleza mtoto," Inspekta alimwambia Mama Pacha.

"Seva zetu hazikai na vitu vyake zenyewe. Kila kitu kiko kwenye ghala moja, zinakifuata kwa mtandao. Ghala lina vichwa viwili. Siku ya kuliboresha, unazima kichwa kimoja, cha pili kinashika kazi. Pale vinapopokezana, ghala halijibu. Linakaa kimya kwa dakika mbili tatu hivi."

"Na seva zinafanyaje?"

"Hapo ndipo penye kazi. Seva kwa asili haina subira. Ikiuliza ghala na isijibiwe kwa nusu dakika, inahesabu kwamba limekufa, inaliacha. Kwa hiyo kabla ya kuboresha tunazipangia upya muda wa kusubiri. Tunaziambia: leo ukiuliza usijibiwe, usikate tamaa, ngoja, atarudi."

Inspekta alitazama pembeni kidogo. Halafu akasema, "Na mojawapo haikungoja."

"Moja tu. Ile ya sauti. Ndiyo inayopokea mpigaji, inampa salamu, inamshika kwenye foleni mpaka mtu apatikane." Sauti ya Mama Pacha ilikwaruza. "Wote waliokuwa kwenye foleni walibaki hewani bila mtu."

"Nani aliipangia muda?"

"Mimi. Niliandika kwa mkono wangu, Mzee akasoma kwa sauti kutoka kompyuta nyingine. Ndiyo kanuni yetu: mmoja anaandika, mwingine anasoma. Hakuna seva tunayoigusa bila hivyo."

"Mzee, ni kweli?"

Mzee aliinuka polepole, akashika kiuno. "Ni kweli, mama. Aliandika sawasawa na mimi nilisoma. Huyu binti ni fundi mzuri. Labda alichoka. Ana watoto wawili wadogo wanaolia kwa zamu."

Ilikuwa kama kumtetea, na Mama Pacha alimtazama kwa shukrani.

"Tayari, naiwasha upya," Mama Pacha alisema, akabonyeza.

Kwenye kabati taa zilizimika, zikawaka, zikaanza kukimbizana. Inspekta alikuwa ameshika mfuko wa kielelezo. Alihisi kitu kikitetemeka kwenye kiganja chake. Akatazama. Kioo cha simu ya mshonaji kiliandika kwamba mazungumzo yamekwisha, kikazimika.

"Kumbe sasa ndiyo amekatiwa," Koplo alinong'ona.

Ukumbini, simu ya mezani kwa msimamizi ililia mara moja. Msimamizi, mwanamke mnene mwenye sauti ya gwaride waliyemwita Kamanda, aliinyanyua, akasikiliza, akairudisha. "Mashine imeamka!" alipaza. "Imenisalimia! Vaeni, jamani, kazini!"

Mkurugenzi alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, akafungua mipangilio. Akaonyesha kidole. "Tazama, Inspekta. Sasa hivi muda wa kusubiri ni ule mrefu unaotakiwa. Ungekuwa hivi tangu mwanzo, seva isingeacha ghala. Maana yake nini? Kuna mtu aliyesahau, na akiwa anaiwasha upya mbele ya macho yetu akasahihisha kimyakimya. Na vidole vilivyokuwa hapa ni vya nani?"

Mama Pacha alivitazama vidole vyake.

Mkuu wa Upelelezi alipopigiwa simu hakutaka maneno mengi. Mtu amekufa, magazeti yameshapata habari, mwenye kosa yupo. Akamatwe kwa uzembe uliosababisha kifo, kesho mchana afikishwe mahakamani.

Garini, Mama Pacha alikaa kati ya Koplo na mlango. Hakulia. Alitoa simu yake kabla haijachukuliwa, akampigia mama yake. "Mama, leo walale huko. Yule mdogo hasinzii mpaka umshike sikio. Ndiyo, sikio. Hapana, sijui nitarudi lini."

Akampa Inspekta simu.

"Umesahau kitu gani jana?" Inspekta alimuuliza. "Fikiri vizuri."

"Afande, nimefikiri mpaka kichwa kinawaka. Niliandika. Halafu seva zote niliziwasha upya Jumamosi asubuhi, moja baada ya nyingine."

"Kwa nini kuziwasha upya?"

"Bila hivyo maandishi hayafanyi kazi. Ni kama kumpa maagizo mtu aliyelala. Mpaka umwamshe."

"Zote uliziwasha wewe?"

"Zote." Alisita. "Isipokuwa ile ya sauti. Mzee alisema niiache, ataiwasha yeye wakati wa chakula cha mchana simu zikipungua. Baadaye akaniambia tayari."

"Ulimwona akiiwasha?"

Mama Pacha alimgeukia kama aliyetukanwa. "Mzee ndiye aliyenifundisha kazi hii, Afande. Nikiwa sijui hata kushika nyaya. Nimwombe ushahidi?"

*

Jumatatu asubuhi Inspekta aliamka na chai mbili mezani. Alikuwa amemimina zote mbili bila kufikiri. Ya pili akaimwaga, akaenda kazini.

Ukumbini alikuta mlio wa simu na sauti za wapokea simu zimerudi. Alivuta kiti karibu na Kamanda.

"Jana mashine ilipowashwa, simu yako ililia. Ni kitu gani kile?"

"Inajipima. Kila ikiamka inanipigia mimi kwanza, inatoa salamu yake yote, nikisikia vizuri nafungulia watu. Siku nyingine inaniamsha na mimi." Alicheka, mara akakumbuka, akajifuta uso. "Maskini yule mama mshonaji. Unajua kilichoniuma? Wengine wote waliokuwa kwenye foleni walichoka, wakakata, wakapiga tena. Njia ya akiba ikawapeleka kituo cha pili, wakahudumiwa. Yeye aliambiwa asikate, na hakukata."

Inspekta aliandika neno moja, 'hakukata', akalipigia mstari.

"Jumamosi mchana ulikuwa zamu?"

"Mimi huyu huyu. Mpaka jioni."

"Mashine ilikupigia Jumamosi? Ikajipima?"

Kamanda alikuwa na jibu tayari mdomoni, lakini akalirudisha. Alitazama simu yake ya mezani.

"Hapana," alisema polepole. "Haikunipigia."

"Una hakika? Mchana watu hula, hutoka."

"Afande, mimi nakula hapa hapa, huoni mwili huu? Nilikuwa mezani. Mchana wote wa Jumamosi hakuna simu ya ajabu iliyoingia ila ya Bubu."

"Bubu ni nani?"

"Ah, Bubu ni wetu." Kamanda aliendelea huku mpokea simu wa meza ya jirani akichekea pembeni. "Kuna mtu anapiga kila siku ya kazi, wakati wa chakula cha mchana. Anasikiliza salamu tu. Ukiwahi kupokea, tayari kakata. Hatukani, hapumui, hana habari na mtu. Vijana wanasema ni mchumba wangu anaogopa mahari."

"Namba yake?"

"Haitokei. Pale pa namba panabaki patupu."

"Alianza lini?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Kamanda alitazama meza ya karibu na dirisha. Kila meza ilikuwa na mtu isipokuwa ile. Kipokea sauti chake kilikuwa kimewekwa vizuri juu ya daftari jeupe, waya umekunjwa.

"Baada ya msiba," alisema. "Sikuwahi kuvipanga pamoja. Pale alikaa mwenzetu. Ndiye aliyerekodi salamu, miaka hiyo, kabla hajaugua. Ukipiga dharura mpaka leo, ni yeye anayekupokea."

"Alikuwa nani?"

"Mke wa Mzee," Kamanda alisema, na sauti yake ya gwaride ikawa ndogo.

Inspekta alikitazama kile kipokea sauti. "Baada ya kuboresha mfumo, salamu ingebaki?"

"Isingebaki. Mfumo mpya unakuja na sauti yake, ya kompyuta. Tena Mkurugenzi ameamuru iwekwe leo leo. Anasema sauti iliyomwambia mtu asikate mpaka akafa haifai kusikika tena."

*

Mzee alikuwa peke yake katika chumba cha baridi. Aliketi kwenye stuli nyuma ya kabati la mwisho, mahali ambapo mtu wa ukumbini hawezi kumwona. Alipomwona Inspekta hakushtuka. Alisogea tu, kama kumpisha kukaa, ingawa stuli ilikuwa moja.

Ukutani juu ya bega lake palikuwa na simu ya zamani ya mezani, iliyoning'inizwa kwa msumari. Inspekta aliitazama kwa karibu. Vitufe vyake vyote vilikuwa vichafu kwa vumbi, namba zinasomeka. Viwili tu viling'aa, namba zimefutika kabisa. Vilikuwa vitufe vya namba ya dharura.

"Ukipiga kutoka hapa," aliuliza, "kule ukumbini namba inatokea?"

"Haitokei. Simu za ndani hazitoi namba."

"Jumamosi mchana ulisema unaiwasha upya seva ya sauti."

"Nilisema."

"Kila ikiwashwa humpigia Kamanda. Jumamosi haikumpigia. Aliyempigia ni Bubu."

Mzee aliteremsha macho. Mikono yake ilikuwa inatafuta kitu sweta lilipoishia, uzi uliochomoka.

"Wamenipa jina zuri," alisema.

"Si lazima useme lolote," Inspekta alimwonya. "Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutolewa mahakamani kuwa ushahidi."

"Liandikwe." Alivuta pumzi. "Binti aliandika muda sawasawa. Mimi nikasoma sawasawa. Faili lilikuwa halina kosa, ndiyo maana hata ungekagua usingeona kitu. Lakini seva ilikuwa haijaamshwa, bado inafuata ya zamani. Nusu dakika, basi. Nikaiacha hivyo."

"Jana Mama Pacha alipoiwasha ikasoma faili, ikawa na muda mrefu."

"Ikamgeukia yeye. Ndiyo."

"Ulitaka nini, Mzee?"

"Nilitaka kazi ya jana iharibike. Iharibike kidogo tu, waseme mfumo hauko tayari, waahirishe. Hawa wakiahirisha jambo, haliguswi mpaka mwaka ugeuke. Mimi ningekuwa nimeshastaafu."

"Kwa ajili ya sauti."

Nyuma yao seva zilivuma.

"Una ujuzi wote huu," Inspekta alisema. "Ungeinakili ukaenda nayo nyumbani."

"Ninayo." Mzee alitoa simu mfukoni, akamwonyesha, akairudisha bila kuifungua. "Ninayo humu, na nyumbani ninayo kwenye kompyuta. Nilijaribu kuisikiliza huko. Inaniambia, 'Umefika kwenye huduma ya dharura,' na mimi niko jikoni kwangu peke yangu. Ni kanda tu ile. Hapa alikuwa kazini, mama. Mtu anapiga ameungua, mtu mtoto wake amemeza kitu, na yeye ndiye anawapokea. Anawaambia yupo. Kila siku nilikuwa napiga nimsikie yuko kazini, nakata, narudi kufunga nyaya zangu. Nilitaka nistaafu mimi, nimwache yeye anaendelea."

Inspekta aliegemea kabati. Chuma kilikuwa baridi mpaka kwenye mfupa.

"Hukufikiria kuna watu kwenye foleni?"

"Nilifikiria! Usidhani sikufikiria." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. "Nilijua seva ikiacha ghala itaanguka yote. Ikianguka, simu zote zinakatika, watu wanapiga tena, wanapelekwa kituo cha pili. Nilihesabu hivyo. Haikuanguka. Ilibaki imesimama na watu mkononi, haisemi nao wala haiwaachii."

"Kwa nini?"

Mzee alifunga macho.

"Kwa sababu mimi ndiye niliyeiandikia hivyo. Zamani, tulipoifunga. Mke wangu alirudi nyumbani siku moja amekasirika, akaniambia, 'Mashine yenu inakatia watu. Mtu wa dharura hakatiwi simu, hata iweje.' Kesho yake nikaipa amri: usimkatie mtu mpaka mwenyewe akate. Nilisahau. Miaka yote hiyo, nikasahau neno lake."

Mlango wa kioo ulifunguliwa, Koplo akachungulia, akaona, akaufunga tena polepole.

"Jana ulimwacha Mama Pacha achukuliwe," Inspekta alisema.

"Nilifika mpaka getini kituoni kwenu. Nikaona taa. Nikarudi."

"Na leo asubuhi hukuja kituoni. Ulikuja hapa."

"Mchana wanaiondoa." Alimtazama usoni. "Nilitaka nimsikie mara moja zaidi, halafu nije kwako. Nimekaa hapa tangu asubuhi, nanyanyua mkono, nashindwa. Naona kama nikipiga, nitakuwa nimeshika nafasi ya mtu."

*

Mama Pacha aliachiwa kabla ya mchana. Alitoka mahabusu akiwa ameshika viatu mkononi, mkanda ameutupia begani. Bibi wa mapacha alikuwa akimsubiri mapokezini, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani. Yule mdogo alimtambua mama yake akaanza kulia kwa hasira, kama mtu anayedai maelezo.

Wakati huo huo Koplo alikuwa anampitisha Mzee. Alikuwa bila pingu, Inspekta alikataa.

Wakatazamana. Koplo alisimama, hajui amvute au amwache.

"Mzee," Mama Pacha alisema. "Ungeniambia."

"Binti yangu..."

"Ungeniambia tu. Ningesema kebo mbovu. Ningesema chochote, tukaahirisha. Tumekaa chumba kimoja miaka yote hii, tunakunywa chai kwenye chupa moja. Nilikuwa nakuona unakaa kule nyuma mchana, nasema Mzee anasinzia, nisimsumbue." Machozi yaliyokuwa yamekataa kutoka tangu jana yalimtoka sasa. "Kwa nini hukuniambia?"

Mzee alifikiri kwa dhati, kama aliyeulizwa swali la ufundi.

"Sikujua kama ni jambo la kumwambia mtu," alisema.

Alipelekwa chumba cha maelezo. Chumba kilikuwa na meza, viti viwili, na dirisha dogo la juu. Inspekta aliandika mwenyewe. Hakutaka kumpa Koplo kazi hiyo. Alipomaliza aligeuza karatasi ili Mzee aisome na kutia sahihi.

Mzee alitikisa kichwa. "Miwani yangu imebaki kule. Nisomee, mama. Kwa sauti. Mmoja anaandika, mwingine anasoma."

"Hapa aliyeandika ndiye atakayesoma."

"Si kitu. Mimi nitasikiliza."

Inspekta akasoma. Alisoma namna Mama Pacha alivyoandika muda sahihi na Mzee akasoma sahihi. Alisoma kwamba seva ya sauti haikuwashwa upya, na kwamba hilo lilifanywa kwa makusudi, ingawa kifo hakikukusudiwa. Alisoma habari za mshonaji aliyeketi na simu mkononi. Mzee aliitikia kila sentensi kwa kichwa, kama anavyohakiki namba kwenye kioo.

Kisha akauliza, "Yule fundi viatu. Alisikia salamu yote? Haikukatikia katikati?"

"Aliisikia yote."

"Mpaka 'nipo hapa nawe'?"

"Mpaka hapo."

"Kwa hiyo mke wangu ndiye mtu wa mwisho aliyempokea huyo mama."

Inspekta alimwona mshonaji tena, kichwa kimeinama, anasikiliza simu isiyosema, anaamini kwa sababu ameambiwa. Aliziona na chai mbili juu ya meza yake mwenyewe. Akarudi kwenye karatasi.

"'Nilifanya hivyo,'" alisoma, "'kwa sababu sauti iliyotakiwa kuondolewa ilikuwa ya marehemu mke wangu...'"

Mzee aliinua kiganja. Midomo yake ilikuwa inatafuta kitu, haikipati. Mabega yalianza kutikisika ndani ya sweta la kijivu.

"Ngoja kidogo," alisema.

Nje mtu alikuwa anamwita Inspekta. Mkuu wa Upelelezi alitaka jalada, gari la mahakama lilikuwa limewashwa. Koplo aligonga mlango, akagonga tena.

Inspekta aliweka kidole kwenye neno alipoishia, asije akapapoteza, akasubiri.